Fungu la Nane

Mdogo wangu Kiroboto,

Pokea salamu za dada yako. Za mama nitazitia mwishoni, kwa sababu hajui kwamba nakuandikia. U hali gani? Kifua chako kinachokusumbua kila baridi inapoingia kimetulia? Na shemeji yangu hajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama miguu inamvimba akikaa sana, nami mgongo unanilalamikia kama unavyowalalamikia wote wanaosimama kutwa nzima mbele ya meza, lakini hayo si mambo ya kumwandikia mtu. Najua umezoea barua zangu za nusu ukurasa, za kukuambia kwamba ulichotuma kimefika na asante. Hii itakuwa ndefu, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Kwanza nikupe hongera, maana hadi leo sijakupa. Ulipoandika kwamba umeomba riwaya yako ichapwe kiwandani kwetu, ili dada awe wa kwanza kuishika, nilitembea na barua yako ndani ya aproni siku nne. Wote pale mezani waliambiwa. Msimamizi wetu, ambaye katika kila kitabu husoma ukurasa wa mwisho tu na kutoa hukumu, alitutangazia kwamba kazi hii ni ya kushikwa kama yai. Nilijiona mtu, mdogo wangu. Nakuambia hili ili ujue kwamba sikuanza na kinyongo.

Hujawahi kuuliza kazi yangu inavyokwenda, basi nikueleze kidogo. Kitabu hakiji kwetu kikiwa kitabu. Huja karatasi kubwa, kila moja ina kurasa kumi na sita zilizokaa shaghalabaghala, nyingine miguu juu. Sisi tunaikunja mara tatu, kila mkunjo tunaupitishia kipande laini cha mfupa ili ukae, na hapo ndipo kurasa zinapofuatana. Kitu hicho tunakiita fungu. Riwaya yako ina mafungu kumi na manne. Ila mashine haianzi na la kwanza, huanza na lolote lililokuwa tayari, na karatasi zako za kwanza kukauka zilikuwa za fungu la nane. Kwa hiyo wasomaji wako wote wataingia kitabuni mwako kwa mlango, mimi niliingia kwa dirisha.

Nilikuwa nimekunja kama thelathini, mikono inakwenda yenyewe na kichwa kiko kwingine, jicho likaangukia neno mfuniko. Nikasoma. Umebadilisha jina la mtaa. Baba umempa kazi ya kuendesha garimoshi, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa karani na alikuwa anaogopa hata baiskeli. Nyumba umeipaka rangi ambayo haikuwahi kuiona. Lakini tangi la maji la uani umeliacha vilevile, limechimbiwa chini, na mfuniko wake wa chuma wenye mpini uliovunjika. Na kando yake umemweka Kitinda wetu, miaka miwili, na gauni lenye kifungo kimoja. Ndani ya chumba umemweka mama, amelala fofofo juu ya kazi yake, na tangi ameliacha wazi. Kisha umeandika maji kwa kurasa tatu. Sipendi kukusifu katika barua hii, lakini nisikudanganye, umeyaandika sawasawa.

Yupo mwenzangu pale mezani tunayemwita Mama Gundi, kwa sababu akianza kuzungumza na wewe hubanduki. Naye alisoma. Alilia mpaka akalowesha karatasi mbili, tukazitupa. Kisha akafuta pua kwa kiwiko na kusema kwamba mama wa namna hiyo angenyimwa watoto tangu mwanzo, wangepewa wanaojua thamani yake. Alikuwa ananiambia mimi, bila kujua anamwambia nani. Nilimjibu kwamba karatasi zake zimekaa upande.

Siku ya tatu likafika fungu la kwanza, lenye jina la kitabu na ukurasa wa tabaruku. Uliniandikia kwamba hapo kuna jambo la kunishangaza. Lilinishangaza. "Kwa dada yangu, aliyekuwa mama." Nakala ni elfu tatu, na fungu lile msimamizi alinipa mimi peke yangu, kwa heshima. Mara elfu tatu, Kiroboto, nilipitisha mfupa juu ya maneno hayo, na mama aliyekuwa mama yuko nyumbani ananitilia chai kwenye chupa niende nayo kazini. Nilikwenda kunawa mikono mara nyingi kiasi kwamba msimamizi aliniuliza kama tumbo limeniharibika.

Mafungu mengine nilisoma yalivyokuja. Huyo dada wa kitabuni ni mtu wa ajabu. Anambeba mdogo wake mgongoni, anamwachia tonge lake, na akiwa na miaka kumi na sita anaingia kiwandani ili mdogo wake asikose daftari. Hakasiriki na hachoki, hata chunusi hana. Mengi kati ya hayo niliyafanya, sikatai. Ila hukuwahi kujiuliza msichana wa umri ule anafanya vile kwa nini. Ulidhani ni upendo tu, ukaandika upendo.

Sasa mama akawa anaulizia kitabu. Kila nikiingia mlangoni, kabla ya pole na kazi, swali ni hilo. Mwanawe ametoa kitabu, mwingine ndiye anayekishona, na yeye bado hajakiona. Nikafanya nilichoona ni busara. Nikachukua nakala moja, nikatoa fungu la nane, nikaishona kwa mkono, nikaipaka gundi, nikaivalisha jalada na kuikata kingo vizuri kabisa. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili unaruka kwenda mia moja na ishirini na tisa, lakini nilijipa moyo kwamba mama macho yake si ya zamani, na kwamba msomaji anayempenda mwandishi husamehe mengi.

Nilichosahau, na nakuapia nilikisahau kabisa, ni kwamba aliyenifundisha mimi kukunja ni yeye. Amesimama kwenye meza ile ile miaka tisa kabla hatujahamia mtaa huu. Mama hakusoma jina la kitabu wala hakutazama picha yako. Alikipima kwa kiganja, akafungua mwisho kuona namba ya ukurasa, kisha akakigeuza na kupitisha ukucha juu ya mgongo wake, pale mafungu yanapojitokeza, anahesabu kwa midomo. Akaniambia mafungu yapo kumi na matatu, na kwa kurasa hizi yanatakiwa kumi na manne, je, lingine liko wapi. Nikasema ni makosa ya mashine. Akasema enzi zao kitabu chenye makosa kilikwenda kwenye taka, hakikupelekwa nyumbani kwa mama wa mwandishi. Kisha akavua miwani na kuniambia nimletee.

Nilimzungusha wiki nzima. Leo nimesahau, kesho stoo imefungwa. Mwisho aliacha kuniuliza, akawa ananitazama tu wakati wa kula, na wewe unamjua mama akikutazama. Nikampelekea. Alisoma mchana, Jumamosi, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na mimi nimejifanya napanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alisoma kurasa zote kumi na sita bila kupumzika. Alipomaliza alilikunja fungu upya, akaupitishia mkunjo ukucha, akaliweka mapajani.

"Anaandika vizuri," alisema. Kisha akaongeza, "Ila sikuwa nimelala."

Hilo tu ndilo alilolikataa. Tangi hakulikataa, wala mfuniko. Alikataa usingizi.

Ingekuwa yameishia hapo, nisingekuandikia. Lakini likaja gazeti. Katika mahojiano yale ulivaa miwani ambayo sijui ulianza kuvaa lini, ukamwambia mwandishi wa habari kwamba kitabu ni kweli tupu, kwamba umebadilisha majina tu, na kwamba mama yako hadi leo yuko katika mtaa ule ule ulikotoka kwenda kusoma. Nani alikuuliza? Unajua mama anafanya kazi gani katika mtaa huu. Tulipohamia hapa hakuna aliyejua lolote kuhusu Kitinda, na mama alianza kulea watoto wa wanawake wanaokwenda kazini. Miaka ishirini na kitu sasa. Wengine aliowafunga nepi leo wanamletea watoto wao. Katika chumba anacholelea watoto hakuna ndoo inayokaa na maji. Mtungi una kufuli. Watu walikuwa wanamtania, wanamwita Askari wa Maji, naye anacheka nao.

Gazeti lilifika Jumatano. Ijumaa muuguzi wa nyumba ya pili alikuja kuchukua mapacha wake na begi lao la nguo, akasema mdogo wake amepata likizo ndefu na atakaa nao. Alisema kwa adabu sana, hata akamletea mama sabuni. Jumatatu mwalimu akasema mwanawe amepata shule ya watoto. Fundi cherehani alimtuma mumewe aje kuwachukua wao watatu. Walikuwa watoto saba. Amebaki mmoja, wa yule mama anayeuza mboga, ambaye hajui kusoma. Mama bado anaamka alfajiri, anafagia chumba, anatandika vigodoro vyote saba, kwa sababu anasema huwezi kujua nani anaweza kukwama asubuhi. Mtoto yule mmoja anajichagulia cha kulalia, kila siku kingine. Mchana mama anakaa mlangoni na wanawake wanapita upande wa pili wa barabara wakimwamkia kwa heshima zote.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolizunguka.

Wiki moja kabla ya siku ile ya Kitinda, mama alikatwa mkono wa kulia na kisu cha mashine ya kukatia karatasi. Alishonwa nyuzi kumi na moja, mkono ukafungwa kitambaa toka vidoleni hadi juu ya kifundo, akarudishwa nyumbani na mzigo wa karatasi za kukunja. Alikuwa anakunja kwa kushoto. Kwa hiyo wiki ile zamu ya kuchota maji ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mfuniko ule, kwa kuwa mpini ulivunjika, ulitaka upitishe nondo pembeni na usukume kwa mikono miwili na kifua. Nilichota ndoo ya kwanza, nikaiingiza ndani, nikaacha wazi kwa sababu nilikuwa narudi kuchota ya pili.

Pale barazani palikuwa na rundo la karatasi zilizoharibika, zile mama alizokuwa anatuletea tuchoree. Juu yake palikuwa na ukurasa wa hadithi. Nikasimama kuusoma, kisha nikakaa. Uliishia katikati ya sentensi, nikaanza kutafuta wenzake kwenye rundo. Mama aliniita kutoka ndani, akaniuliza kama nimeshafunika tangi. Niliitika naam. Aliniita mara ya pili, nikaitika tena. Ndiyo maana anakataa kwamba alilala. Alikuwa macho, anakunja kwa mkono mmoja, na ameniuliza mara mbili, nami mara mbili nimemjibu uongo bila hata kuinua kichwa. Wewe ulikuwa miguuni pake, unachezea vipande vya karatasi. Kitinda alikuwa uani.

Mama ndiye aliyemtoa. Nyuzi zote zilifumuka. Majirani walipojaa na mmoja akauliza ni nani aliyeacha mfuniko wazi, nilifungua mdomo. Mama alinishika kifundo cha mkono, akanibana hadi nikaumia, akawaambia, "Mimi ndiye niliyechota maji." Baada ya mazishi nilimkuta jikoni peke yake, nikamwambia nitamweleza baba ukweli. Hakunikaripia. Aliniambia, "Mtoto mmoja amekwenda. Sitoi wa pili." Nikanyamaza.

Nilinyamaza baba alipokataa kula chakula kilichopikwa na mama. Baba aliufahamu mkono ule, alikuwa anaufunga kitambaa yeye mwenyewe kila jioni, lakini hakutaka kufikiri, na baada ya miezi mitatu aliondoka. Kitabuni anaondoka ameshika kofia, anageuka getini kutazama nyumba. Hakuwa na kofia, Kiroboto. Aliondoka ameshika redio. Nilinyamaza tulipohama. Nilinyamaza wewe ulipokua na kuanza kumtazama mama kwa lile jicho lako, unamjibu kwa mkato, unaniita mimi kuja kukufunga viatu. Nilikulisha na kukusomesha, nikaona nalipa. Kumbe aliyekuwa analipa ni mama yuleyule, mimi nilikuwa napokea sifa.

Nawe usiseme hukuwa na njia ya kujua. Mkono ule umeuandika mwenyewe. Ukurasa wa mia moja na kumi na tisa, mstari wa sita: "kitambaa cheupe mkononi mwa mama, kama njiwa aliyelala." Umeona njiwa. Umekaa na sentensi hiyo miezi, umeipiga msasa, na hukujiuliza njiwa huyo aliinuaje mfuniko wa chuma.

Unaweza kuniuliza kwa nini sisemi mwenyewe, badala ya kukusumbua wewe na umaarufu wako. Nimesema. Jumapili iliyopita nilipiga hodi kwa muuguzi, nikakaa kwenye kochi lake na kumweleza yote kama nilivyokueleza wewe, ndoo, nondo, karatasi, mara mbili niliitika. Alinisikiliza hadi mwisho. Macho yalimjaa machozi. Nikadhani basi, nimetua mzigo, hata kama atanitemea mate. Aliinuka akanikumbatia.

"Dada, nilijua tu utakuja kumbebea mama yako," aliniambia. "Ndivyo ulivyo kitabuni."

Nilikwenda kwa mwalimu. Yeye hakunikumbatia, lakini alisema watoto wa siku hizi wangejifunza kwangu. Fundi cherehani alinipa kitambaa cha bure. Kwa Mama Gundi, kiwandani, nilisema kwa hasira, mbele ya meza nzima, akaanza kulia tena na akasema mdogo wangu amemtabarukia kweli mtu anayestahili. Miaka ishirini na tisa niliogopa kwamba nikisema nitachukiwa. Nimesema, napendwa zaidi. Na mapacha hawajarudi.

Toleo la pili linaingia mashine mwezi ujao, msimamizi ametuambia. Karatasi zitapita mikononi mwangu tena. Nimewaza kulichoma fungu la nane lote, nimewaza mengi, lakini mtu aliyefundishwa na mama hatoi kitabu kibovu mara mbili. Andika upya. Mwamshe mama. Mpe kazi yake mkononi na sauti yake, aulize mara mbili. Mtoe yule dada wako asiye na chunusi, mweke msichana aliyekaa barazani anasoma na anaitika naam. Na katika fungu la kwanza futa tabaruku ile, au ukishindwa kuifuta, mpe mwenyewe, mama. Mhariri wako atasema kitabu kitaharibika. Kiharibike. Mtaa huu hauniamini mimi, wala hautamwamini mama, unaamini ulichokiandika wewe.

Ninachokiogopa ni kimoja, ndiyo maana nimekutajia ukurasa na mstari. Naogopa nawe utasoma barua hii, utavua ile miwani yako, utasema dada yangu ana moyo wa ajabu. Usithubutu.

Mama anakusalimu sana. Hajui haya niliyoyaandika, na akijua hatazungumza nami kwa muda, amenikataza tangu nikiwa mtoto. Kila akiniona na kalamu anasema nikuulize kama unakula vizuri na kama unajifunika kifua. Kuhusu kitabu amesema nikuambie kwamba mshono wake ni mzuri na karatasi haikuchubuka. Anakiweka kando ya kitanda. Fungu la nane amelirudisha mahali pake, amelishona mwenyewe kwa mkono wake wa kulia, ambao hadi leo vidole viwili havikunjiki.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia. Jibu upesi.

Ni mimi dada yako,
niliyechota maji.